Kizingiti cha Juu na Kizingiti cha Chini: Habari za Nyumba na Uzee katika Mkoa wa Singida

I. Neno na jambo lenyewe

Katika Kiswahili neno kizingiti hutumika kwa vitu viwili. Kwanza ni ule mti au ubao ulalao chini ya mlango, ambao mtu huuvuka kwa mguu. Pili ni ule ulalao juu ya mlango, ambao mtu huupita kwa kichwa. Mafundi wakitaka kupambanua husema kizingiti cha chini na kizingiti cha juu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno ni moja, wala hapana anayeona shida. Kijana huingia na kutoka nyumbani mara ishirini kwa siku bila kukumbuka kwamba mlango una chini na juu. Mtu mzee ndiye anayekumbuka. Kwake yeye vizingiti vyote viwili ni vitu vya hakika: kimoja humkwaza mguu usioinuka vema, na kingine humgonga kichwa kwa sababu mgongo uliokwisha pinda haupendi kuinama zaidi ya hapo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi habari za nyumba katika mkoa wa Singida kwa kuzitazama kutoka upande wa huyo mtu mzee. Mengi yameandikwa juu ya nyumba za nchi hii kwa upande wa ufundi, wa ndoa na wa mali. Machache yameandikwa juu ya jinsi mtu anavyozeeka ndani ya nyumba, na jinsi nyumba inavyomlinda au kumdhuru. Hata hivyo hatari si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2007 juu ya kuanguka kwa wazee, lilieleza kwamba kati ya watu 28 na 35 katika kila 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na kwamba hesabu hiyo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika kijiji kilicho mbali na hospitali, mara nyingi mwenyewe hasimami tena.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa kuwa mikoa ya Dodoma na Singida. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wakazi wake wamezidi milioni mbili. Ni nchi kavu, yenye majira moja ya mvua, na lugha zake ni za koo mbalimbali. Kinyiramba na Kinyaturu, ambazo Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi la F kwa namba 31 na 32, pamoja na Kigogo cha Manyoni alichokiweka katika kundi la G kwa namba 11, ni za Kibantu. Kitaturu na Kihadzabe si za Kibantu. Watu wa lugha hizi hawakujenga namna moja. Wahadzabe, kwa mfano, hutumia vibanda vya majani ambavyo hujengwa na kuachwa kwa urahisi. Walakini nyumba iliyojulikana zaidi katika nchi hii, na ambayo wageni wote waliitaja, ni tembe.

II. Tembe

Neno tembe ni la kale katika Kiswahili cha bara. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 na kulivuka pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika nchi ya Manyoni na Itigi, alizieleza tembe katika kitabu chake cha mwaka 1860, akilitumia neno lenyewe bila kulibadili. Lisichanganywe na maneno mengine ya sauti hiyohiyo, yaani tembe wa kuku, ambaye ni jike asiyeanza kutaga, na tembe ya dawa, ambayo ni kidonge.

Tembe ni nyumba ndefu ya mstatili yenye paa la bapa. Nguzo za miti yenye panda husimikwa ardhini, boriti hulazwa juu ya panda, kisha fito hupangwa juu ya boriti, na juu ya fito hutandikwa majani na hatimaye udongo uliopondwa. Kuta ni za fito zilizokandikwa udongo. Aghalabu nyumba hizo zilizunguka ua, hata ng'ombe na mbuzi wakawa ndani ya uzio wa nyumba zenyewe. Juu ya paa watu walianika mtama, uwele na maboga. Ndani mlikuwa na giza, kwa kuwa madirisha hayakuwapo au yalikuwa matundu madogo. Na mlango ulikuwa mfupi, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa fupi, na kwa sababu katika zamani za mashambulio mlango mfupi ulimlazimisha adui kuingia kichwa mbele.

Mtu wa leo akiisoma sifa hii atasema mara moja kwamba nyumba hiyo haikumfaa mzee. Kwa upande mmoja atakuwa amesema kweli, na habari hizo zitafuata. Lakini yafaa kwanza kutazama upande wa pili.

Tembe ilikuwa yote chini. Haikuwa na ngazi wala orofa, na sakafu ya ndani na ardhi ya uani zilikaribiana. Kuta zilikuwa karibu na mkono, na nguzo zilisimama katikati ya chumba kwa safu. Mzee aliyetoka kitandani usiku alipita kutoka nguzo hadi nguzo kama mtu avukaye kijito kwa mawe. Hakuhitaji taa, kwa maana nyumba aliijenga mwenyewe au aliingia ndani yake alipoolewa, na kila boriti aliijua. Udongo wa paa ulizuia jua la mchana na baridi ya usiku, na baridi ya nyanda za Singida katika miezi ya Juni na Julai si jambo la kudharau kwa mifupa ya mtu mzima.

Tena hakuwa peke yake. Harold Schneider, aliyekaa kwa Wanyaturu wa Wahi katika miaka ya 1959 na 1960, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1970, alieleza kwamba kwa desturi yao kila mke alikuwa na nyumba yake na mali iliyohesabiwa kuwa ya nyumba hiyo, na wanawe walipata haki zao kupitia nyumba ya mama yao. Kwa hiyo mama akizeeka hakuwa mgeni katika nyumba ya mkwe; wao ndio waliokuwa katika nyumba yake. Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi Singida katika miaka ya 1960, naye aliandika habari za Wahi katika kitabu chake cha mwaka 1978, akionyesha jinsi mambo yalivyobadilika hata katika nchi iliyosemekana kuwa imekaa vilevile.

Basi katika tembe salama ya mzee ilisimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni jengo lenyewe. La pili ni watu walio karibu. La tatu, ambalo husahauliwa, ni ujuzi wa mzee juu ya nyumba yake. Kuna methali isemayo: Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Watu wengine hutamka hila, na maana ikahama kutoka kasoro kwenda ujanja. Lakini ila ndilo neno lifaalo hapa, maana nyumba haina ujanja, ina kasoro. Aliyelala ndani kwa miaka hamsini huijua kasoro hiyo, na huipita gizani.

III. Ila za tembe

Hata hivyo haifai kuisifu tembe kupita kiasi. Ila zake zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilimlemea mzee kuliko mtu mwingine.

Ya kwanza ilikuwa papasi. Mdudu huyu wa jamii ya kupe hukaa katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta za nyumba kavu, naye hutoka usiku kunyonya damu. Mwaka 1905 mganga wa Kijerumani Robert Koch, alipokuwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba papasi ndiye aletaye homa ya kurudiarudia, ambayo watu waliiita homa ya papasi. Na mwaka huohuo Dutton na Todd walithibitisha jambo hilo katika Congo. Koch aliona pia kwamba wenyeji waliokulia katika nyumba zenye papasi walikuwa na kinga fulani, ambapo wapita njia waliolala usiku mmoja waliugua sana. Hili nalo ni namna ya kuijua nyumba, ingawa ni mwili unaoijua na siyo akili.

Ila ya pili ilikuwa moshi. Moto uliwashwa ndani, juu ya mafiga, na moshi haukuwa na njia isipokuwa mlango na nyufa za paa. Mwanamke aliyepika ndani ya tembe tangu ujana wake alifika uzeeni na kifua kibovu na macho mekundu. Katika nchi kavu za kati ugonjwa wa macho uitwao vikope nao ulienea, kwa kuwa maji ya kunawa yalikuwa haba na nzi wa mifugo walikuwa wengi; kope zikageuka kwa ndani na kukwaruza jicho mpaka likafa. Kwa hiyo wazee wengi waliishi katika giza mara mbili, la nyumba na la macho.

Jambo la macho mekundu lina mwisho mchungu ambao hauna budi kutajwa. Katika mikoa iliyo kaskazini-magharibi ya Singida, hasa Shinyanga na Mwanza, macho mekundu ya bibi kizee yalichukuliwa na watu wengi kuwa dalili ya uchawi, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na mwanzo wa karne hii wanawake wazee wengi waliuawa kwa mapanga ndani ya nyumba zao kwa shutuma hizo. Sababu za mauaji hayo ni nyingi, na ugomvi wa ardhi na urithi umo ndani yake. Lakini mtu hawezi kupuuza kwamba alama iliyotumiwa kumhukumu mama mzee ilitoka katika jiko lake mwenyewe. Tundu la moshi katika ukuta, kazi ya fundi wa nusu siku, lilikuwa jambo la uhai kwa njia mbili.

Ila ya tatu ilikuwa paa. Udongo wa paa ulitaka kutengenezwa kila mwaka kabla ya mvua. Mzee asiyekuwa na kijana wa kupanda juu na kukandika nyufa alikaa chini ya mzigo mzito uliozidi kulowana. Mchwa walikula nguzo kwa chini, na mvua ililiongezea paa uzito kwa juu. Tena nchi hii iko katika Bonde la Ufa. Tetemeko la mwezi Mei 1964, lililotokea upande wa Mbulu, liliwakumbusha watu wa pande hizo kwamba paa la udongo hupendeza maadamu limekaa mahali pake.

Yafaa kuona kwamba ila hizi tatu hazikuwa za jengo peke yake. Papasi hupungua sakafu ikisiribwa mara kwa mara. Moshi hupungua akiwapo wa kupasua kuni kavu. Paa hudumu akiwapo wa kulipanda. Figa la pili, yaani watu walio karibu, ndilo lililoshika la kwanza. Tembe ya mzee mwenye wana ilikuwa nyumba. Tembe ya mzee asiyekuwa na mtu ilikuwa hatari iliyongoja majira.

IV. Amri ya kuhama

Katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alimtolea mfano mzee wa zamani ambaye alionekana kustarehe bila kazi, akaeleza kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha fanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote, na kwamba heshima yake ilitokana na umri na utumishi, siyo mali. Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Lakini miaka kumi na miwili baadaye siasa iliyojengwa juu yake ilimtaka mzee huyohuyo aiache nyumba yake.

Mnamo Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Katika Singida, kama katika mikoa mingine mingi, operesheni yenyewe ilifanyika katikati ya miaka ya 1970, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikapitishwa mwaka 1975. Watu waliokuwa wametawanyika katika tembe zao, kila ukoo na mashamba yake ya samadi, walikusanywa kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa safu. Nia ilikuwa kuwapa shule, zahanati na maji, na katika vijiji vingi vitu hivyo vilipatikana. Lakini kuhama kulikuwa kwa haraka. Vibanda vya kwanza vilijengwa kwa miti na majani, na mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa ili watu wasirudi.

Kwa kijana, kuhama maili tano ni jambo la mwezi mmoja. Kwa mzee lilikuwa jambo jingine kabisa. Figa la tatu, lile la ujuzi, lilivunjika kwa siku moja. Nguzo alizozishika gizani hazikuwapo, njia ya kisima ilikuwa ngeni, na makaburi ya wazazi wake, ambayo yalimpa haki ya kukaa pale na kusikilizwa, yalibaki porini. Asiyeona, ambaye katika tembe yake alitembea peke yake, katika kijiji kipya alishikwa mkono kama mtoto. Nyumba mpya huenda ilikuwa na ila chache kuliko tembe. Lakini zilikuwa ila asizozijua, na ndizo zinazoangusha.

Kiswahili kina neno zuri kwa mahali palipoachwa hivyo: mahame. Katika miaka ya 1980, amri ilipolegea, watu wengi walirudi katika mashamba yao ya zamani, na hivyo mahame yakawa makao tena. Aghalabu wazee ndio walioshikilia kurudi. Maofisa wengine waliona huo kuwa ukaidi wa watu wa kale. Mtu akiitafakari habari ya nguzo na giza ataona kwamba haukuwa ukaidi mtupu.

V. Bati na choo

Mabadiliko mengine mawili yalifuata, nayo yanaendelea hata sasa.

La kwanza ni bati. Paa la bati halitaki kukandikwa kila mwaka, halina uzito wa kuua, wala haliwafai mchwa. Kuta zake huinuka, na mlango huinuka nazo, hata kizingiti cha juu kikaacha kuwa adui. Madirisha yakaingia, na mwanga ukaingia pamoja nayo. Kwa mama mzee asiyekuwa na mwana wa kumpandia paani, bati ni neema. Lakini kila kilichopanda juu kilikuwa na mwenzake aliyepanda chini. Nyumba ya bati hujengwa juu ya msingi ili maji yasiingie, na msingi huleta ngazi mbili au tatu za saruji mbele ya mlango, mara nyingi bila kitu cha kushika. Kizingiti cha juu kilipoondoka, kizingiti cha chini kilikua. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ni safi, nayo haimpi papasi nafasi. Lakini ikimwagika maji huteleza, na aangukaye juu yake huanguka juu ya jiwe.

La pili ni choo. Mwaka 1973, mwaka uleule wa amri ya kuhamia vijijini, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliisikiliza katika vikundi. Matunda yake makubwa yalikuwa vyoo vya shimo vilivyochimbwa nchi nzima. Katika miaka ya 2010 ilikuja kampeni nyingine, Nyumba ni Choo. Kazi hizi zimeokoa maisha ya watoto wengi wasife kwa kuhara. Lakini choo cha shimo kilibuniwa kwa miguu ya kijana. Kimewekwa mbali na nyumba kwa sababu njema za afya. Mtu hukiendea usiku kwa njia isiyo na taa. Na akifika huchuchumaa bila kushika kitu, kisha hutakiwa kusimama tena. Mwenye magoti mabovu hawezi kufanya hivyo bila hofu. Hivyo wazee wengine hupunguza kula na kunywa jioni ili wasitoke usiku, na kwa namna hiyo afya iliyokusudiwa na choo hupotea kwa njia ya choo.

VI. Makazi na sera

Yawezekana kuuliza kwa nini wazee hawa wasikusanywe mahali pamoja wakatunzwa. Serikali ina makazi ya namna hiyo katika mikoa kadhaa, na katika Singida yako makazi ya Sukamahela, wilaya ya Manyoni, ambako wazee wamekaa pamoja na watu waliowahi kuugua ukoma. Jina la kiserikali la mahali pa namna hii, Makazi ya Wazee na Wasiojiweza, linastahili kuangaliwa na wanalugha. Kiunganishi na kimewafanya wazee kuwa jirani wa wasiojiweza, na kwa mazoea ya matumizi maneno hayo mawili yameanza kuonekana kama jambo moja. Lakini mzee katika lugha zetu ni neno la cheo kabla ya kuwa neno la udhaifu. Lugha hupambanua baina ya mzee na kizee, na msemaji aliyelelewa vema hachagui kiambishi hicho ki- bila kujua anachokifanya.

Makazi haya yamewaokoa watu wasiokuwa na mtu, na haifai kuyabeza. Hata hivyo hayawezi kuwa njia ya wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 ya Watanzania, yaani watu wapatao milioni mbili na nusu. Hakuna makazi yawezayo kuwapokea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe ilisema kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo, na kwamba kumpeleka mzee katika makazi ni njia ya mwisho. Katiba nayo, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu ili mtu apate hifadhi ya jamii wakati wa uzee. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara, malipo ya kunusuru kaya maskini yaliyoanza mwaka 2012 kwa mkono wa TASAF huwafikia baadhi ya wazee, lakini huwafikia kwa umaskini wa kaya, siyo kwa umri.

Kwa hiyo mzee wa Singida atazeekea nyumbani. Hilo limekwisha amuliwa na desturi, na sera, na hesabu. Lililobaki ni kuuliza nyumba gani.

VII. Nyumba ya kuzeekea

Mengi yanayohitajika si ya gharama. Mti laini uliokazwa ukutani kwa urefu wa nyonga, kutoka kitandani hadi mlangoni, hurudisha kazi ya nguzo za tembe. Ngazi za msingi zaweza kufukiwa na kufanywa mteremko wa udongo ulioshindiliwa, na ukingo wake kupakwa chokaa ili jicho hafifu liuone jioni. Kamba au uzio wa miti miwili mitatu kutoka nyumba hadi choo humfikisha asiyeona bila kumwamsha mjukuu. Ndani ya choo, kiti chenye tundu juu ya shimo na kishikio cha kila upande ni kazi ya seremala wa kijiji. Jiko likiinuliwa kutoka sakafuni na kupewa bomba la moshi, mama mzee hainami motoni na macho yake hupona. Kitanda kisiwe chini mno, maana anayelala juu ya ngozi karibu na moto huamka kwa taabu, na nguo yake iko karibu na makaa.

Lakini kila jambo katika haya laweza kufanywa vibaya likifanywa na mtu asiyelala ndani. Mafundi waliotumwa kutengeneza nyumba ya mzee wakihamisha kitanda chake, jiko lake na mtungi wake kwa siku moja, watakuwa wamefanya operesheni ndogo, na usiku ule mzee atajikwaa katika nyumba iliyofanywa salama. Yafaa aulizwe kwanza: anashika wapi anapoinuka, anapita upande gani, amewahi kuanguka mahali gani. Mti wa kushika uwekwe pale mkono wake unapokwenda wenyewe. Na mahali hapo aghalabu huonekana, maana ukuta umekwisha ng'aa kwa kushikwa.

Hapo ndipo kazi ya wanalugha inapokutana na kazi ya mafundi na ya watu wa ustawi wa jamii. Kila sehemu ya tembe ina jina lake katika Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo: kila namna ya panda, kila boriti kwa mahali pake, pembe alalapo ndama, na ile alalapo bibi. Maneno hayo hujulikana na watu waliojenga tembe na kuishi ndani yake, nao sasa ni wazee. Howard Olson alieleza sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu, katika tasnifu yake ya mwaka 1964. Lakini msamiati wa nyumba unataka mtu akae na mwenyewe ndani ya nyumba, amfuate kutoka nguzo hadi nguzo, na kuandika kila jina mkono unapogusa. Mtafiti atakayefanya hivyo atarudi na orodha mbili katika daftari moja: orodha ya maneno, na orodha ya mahali mzee anaposhika na mahali anapoogopa. Ya kwanza ataileta katika chuo. Ya pili aiache kwa fundi wa kijiji kabla ya mvua kuanza.